Kabla hujakata springi za Subaru yako

Hatimaye umepata ndai yako. Impreza ya mkono wa pili, ekzosi inanguruma hadi majirani wanajua umefika kabla hujafungua geti. Kitu kimoja tu kinakukera: lile pengo kati ya tairi na bodi. Za wenzako mtandaoni zimelala chini kama paka anayevizia panya, yako imesimama kama gari la mwalimu mkuu. Na kuna fundi kando ya barabara amekuambia dawa ni kazi ya saa mbili. Anatoa springi, anakata mzunguko mmoja au mmoja na nusu, anarudisha, unaondoka ukiwa chini na gari "linashika barabara kuliko la kampuni."

Msikilize, lakini usimpe funguo bado.

Kinachoshika barabara ni mpira. Gari zima, wewe, mbogi yako na spika zako za nyuma, vyote vinagusa lami kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa karibu kiganja cha mkono. Springi hubeba uzito na kumeza tuta. Shoki huizuia springi isiendelee kudunda. Kazi yao kwa pamoja ni kuhakikisha viganja hivyo vinne haviachi barabara, na kwamba hakuna kimoja kinachotwishwa mzigo kwa ghafla. Tairi huvumilia mzigo ukija polepole. Ukija kama kofi, linaachia.

Sasa tazama kinachotokea msumeno ukipita. Springi fupi huwa ngumu zaidi, hapo fundi hajadanganya. Lakini shoki ni ile ile, iliyotengenezwa kutuliza springi laini na ndefu, kwa hivyo gari linadundadunda. Nafasi ya gurudumu kupanda nayo imepungua. Kwenye shoki kuna kipande cha raba cha kuzuia chuma kisigonge chuma, na sasa kiko karibu sana. Ingia kona kwa kasi, upate kiraka cha lami katikati yake, upande wa nje unakaa juu ya raba hiyo. Kuanzia hapo huna springi tena, una kigogo. Mzigo wote unaruka kwenye tairi moja kwa mara moja. Likiwa la mbele, unakata usukani na gari linaendelea mbele kana kwamba halijakusikia. Likiwa la nyuma, mkia unatoroka na unajikuta ukitazama ulikotoka.

Wapo pia wanaochoma springi kwa moto wa gesi ili ilegee na kushuka. Hiyo hata tusiijadili sana. Chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kupashwa joto na kupozwa kwa kipimo maalum kiwandani. Ukikichoma, unaiondoa nguvu hiyo, na siku moja kitakatika bila kukuuliza.

Halafu kuna jambo ambalo hata madereva wazoefu hulikataa wakilisikia mara ya kwanza: gari lililoshushwa vibaya linaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko lilipokuwa juu. Impreza za zamani, zile za hadi kizazi kilichoisha 2007, zina mguu wa springi na shoki kwa pamoja mbele na nyuma, na mkono wa chini unaoshika gurudumu. Gari hulala kwa kuzunguka nukta ya kufikirika, na mahali ilipo nukta hiyo hutegemea pembe ya mkono huo. Ukilishusha gari sentimita tano, uzito wake unashuka sentimita tano, lakini nukta ile inashuka zaidi. Umbali kati ya viwili hivyo unaongezeka, na huo umbali ni kama mpini wa spana. Ukiwa mrefu, nguvu ile ile ya kona inalilaza gari kwa urahisi zaidi. Ugumu wa springi iliyokatwa hufidia kiasi, lakini si lazima utoshe. Juu ya hayo, mkono ukishainama upande usiofaa, tairi la nje linaegemea bega lake badala ya kukanyaga kwa uso mzima. Utaona tairi jipya limeliwa upande mmoja na kuanza kulaani waliokuuzia.

Na kulala si dhambi. Mazda MX-5, gari dogo la michezo lililotoka mwaka 1989 na ambalo madereva wamelisifu miaka yote hii kwa kona zake, hulala hadi unaona kwa macho. Hulala polepole, kwa kipimo, na dereva anajua limefika wapi. Hiyo ndiyo tofauti.

Ukitaka mfano wa Subaru yenyewe, Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza. Gari lile halikuwa limelala chini. Lilikuwa juu, na springi na shoki zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, kwa sababu njia zetu zilidai hivyo. Kwenye mashindano ya lami, magari ya aina hiyo hiyo hushushwa na kukazwa. Urefu hufuata barabara. Sasa jiulize barabara ya mtaani kwenu inafanana na ipi.

Basi pesa uzipeleke wapi? Kama ni mimi, kwanza matairi. Angalia ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokauka kama soli ya kiatu cha babu. Upepo ujaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si kwa makadirio ya kijana wa petroli.

Pili, bushi. Gari lako limekuwa Japani miaka kadhaa kabla ya kufika Mombasa, na raba huzeeka hata gari likikaa bure. Bushi zikiisha, magurudumu hujielekeza yenyewe na hakuna springi itakayoponya hilo. Shoki nazo zikague: zikilowa mafuta, zimekwisha. Kisha alaimenti, kwa mashine, na uombe karatasi ya vipimo. Watu wengi wakimaliza hayo matatu hugundua gari lao lilikuwa zuri tangu mwanzo, lilikuwa tu linaumwa.

Bado unataka kulishusha? Sawa. Nunua springi fupi zilizotengenezewa modeli yako pamoja na shoki zinazozimudu, ushuke sentimita mbili au tatu, urudie alaimenti siku hiyo hiyo.

Injini ya Subaru imelala chini, jambo zuri, lakini imening'inia mbele ya ekseli ya mbele. Ndiyo maana ukiingia kona kwa pupa, pua ndiyo inayokataa kwanza. Ikikataa, usizidishe usukani. Punguza mafuta taratibu, rudisha usukani kidogo, tairi lipate kushika tena. Ukiachia mafuta ghafla ukiwa katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, mkia unakuwa mwepesi, na tatizo linahama kutoka puani hadi nyuma. Kumbuka pia kwamba kutoka kilomita 60 hadi 85 kwa saa kwenye kona ile ile, nguvu ya kukutupa nje inaongezeka maradufu.

Hayo usiyajaribie Thika Road saa sita usiku, kuna watu wanavuka pale. Vilabu vya mbio za magari nchini huandaa autokrosi, ambapo unaendesha dhidi ya saa, gari moja moja, kwenye kiwanja kilichofungwa. Uliza masharti ya kuingia, nenda na helmeti, na kabla ya zamu yako toa kila kitu kwenye buti, hata zile spika.