Hodi Kabla ya Kuingia: Kijana na Kazi ya Kulinda Kompyuta



Katika mazungumzo yetu na wakazi wa maeneo ya mpakani, swali moja limekuwa likijirudia. Mzazi huuliza: "Mwanangu anakesha kwenye kompyuta, anasema anajifunza kupenya mifumo ili baadaye alipwe kuilinda. Je, hiyo ni kazi au ni wizi?" Kijana naye huuliza kwa upande wake: "Nikishajua kuupenya mfumo, nitampata wapi mtu wa kunilipa bila kujiletea balaa?" Maswali haya mawili yanastahili jibu moja lililo wazi, nasi tumeona vema kulitoa hapa.

Jibu ni kwamba kazi hiyo ipo, ni halali na ina heshima. Lakini ujuzi wa mlinzi na ujuzi wa mwizi ni ule ule. Kinachowatenganisha ni ruhusa.

Mtaalamu wa usalama wa kompyuta hufanya mambo matatu makubwa. Kwanza, huuchunguza mfumo wa mteja na kuujaribu kama mwizi angeujaribu, ili aone palipo wazi. Pili, huandika ripoti inayoeleza alichokiona na namna ya kukirekebisha. Tatu, huwafundisha wafanyakazi kuutambua ujumbe wa kitapeli na kutunza nenosiri. Wengi wanaofanya kazi hii si waajiriwa wa kudumu. Huingia mkataba wa siku chache au miezi michache, wakaimaliza kazi, kisha wakaenda kwa mteja mwingine. Ndiyo maana kijana asiye na ofisi anaweza kuianza, na ndiyo maana pia anaweza kupotea upesi.

Katika desturi zetu, mtu hupiga hodi mlangoni akangoja kukaribishwa. Aliyeitikiwa ni mgeni. Aliyeingia kimyakimya ni mwizi, hata kama hakuchukua kijiko. Sheria Namba 60/2018 ya tarehe 22 Agosti 2018, inayohusu kuzuia na kuadhibu makosa ya mtandao nchini Rwanda, inafuata mantiki hiyo hiyo. Kuingia kwa makusudi katika kompyuta au mfumo wa mtu bila idhini, kwa nia ya kujua yaliyomo, ni kosa. Adhabu yake ni kifungo cha kuanzia miezi 6 hadi miaka 2, pamoja na faini ya kuanzia faranga 1,000,000 hadi 2,000,000. Kijana anayesema, "Nilijaribu tu ili niwaonyeshe udhaifu wao," huwa tayari amekwisha kuvuka kizingiti. Kuharibu au kubadili taarifa ni makosa mengine, yenye adhabu zake.

Mfano haupo mbali. Mwishoni mwa Oktoba 2019, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB) ilitangaza kuwakamata watu 12 jijini Kigali kwa kujaribu kuupenya mfumo wa Equity Bank na kuchukua fedha za wateja. Kati yao 8 walikuwa Wakenya, 3 Wanyarwanda na 1 Mganda. Januari 2021 mahakama iliwahukumu kifungo cha miaka 8. Tunautaja mkasa huu kwa sababu unaonyesha jinsi uhalifu wa kompyuta usivyojali mipaka. Aghalabu huhitaji watu wa aina mbalimbali: anayejua kompyuta, anayeijua taasisi kwa ndani, na wenye akaunti au laini za simu za kupokelea fedha. Kijana wa mpakani, anayejua lugha tatu na mwenye jamaa pande zote mbili, ni mtu anayetafutwa sana na makundi ya namna hiyo. Mara nyingi haambiwi kwamba ni wizi. Huambiwa kuna "kazi ndogo ya kompyuta" inayolipwa vizuri, taslimu, bila maandishi.

Hapa ndipo usemi wa wahenga unapotufaa: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kazi hii, daftari ni mkataba. Kabla ya kugusa hata kitufe kimoja, kijana apate karatasi iliyotiwa sahihi na mwenye mfumo, inayojibu maswali haya: Ni nani anayetoa ruhusa, na ana mamlaka gani? Ni mifumo ipi itakayojaribiwa, na ipi isiguswe? Kazi itaanza lini, itakwisha lini, na ni saa zipi zinazoruhusiwa? Jambo likiharibika usiku, ni nani wa kupigiwa simu? Taarifa za wateja zitakazoonekana zitatunzwaje, na zitafutwa lini? Malipo ni kiasi gani, na yatatolewa baada ya hatua ipi?

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote. Septemba 2019, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, wataalamu wawili wa kampuni ya Coalfire walikamatwa usiku ndani ya jengo la mahakama ya kaunti ya Dallas. Walikuwa wameajiriwa na idara ya mahakama ya jimbo kupima usalama wa majengo yake, na barua ya ruhusa walikuwa nayo. Lakini mkuu wa polisi wa kaunti alisema jengo ni mali ya kaunti, na jimbo halikuwa na haki ya kuruhusu mtu kulivunja. Walilala mahabusu, na mashtaka dhidi yao hayakufutwa hadi Januari 2020. Funzo ni kwamba barua peke yake haitoshi. Lazima itoke kwa mwenye mali. Ikiwa mfumo wa hoteli umehifadhiwa katika seva za kampuni nyingine, ruhusa ya kampuni hiyo nayo huhitajika. Ikiwa mteja yuko ng'ambo ya mpaka, sheria za huko nazo zinahusika. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018, Tanzania ya mwaka 2015, Uganda ya mwaka 2011, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kanuni yake ya masuala ya kidijitali ya mwaka 2023.

Je, kijana aanzie wapi? Aanzie nyumbani. Kompyuta moja iliyotumika, yenye programu za bure za kuunda kompyuta za kufikirika ndani yake, inatosha kuwa uwanja wa mazoezi. Hapo atajenga mfumo wake mwenyewe, ataupenya, atautengeneza, na hatamkosea mtu. Ajifunze kwanza misingi: jinsi mtandao unavyosafirisha taarifa, mfumo wa Linux, na walau lugha moja ya programu. Cisco Networking Academy hutoa masomo ya awali ya usalama wa mtandao bila malipo, na OWASP huchapisha bure orodha ya udhaifu unaoonekana zaidi katika tovuti. Vyeti kama Security+ huja baadaye. Humsaidia mteja asiyemjua kijana kumwamini, ila havichukui nafasi ya mazoezi.

Nchini mwetu zipo shule za fani hii. Rwanda Coding Academy, iliyofunguliwa mwaka 2019 katika Wilaya ya Nyabihu, huwafundisha wanafunzi wa sekondari kuandika programu pamoja na usalama wa mtandao. Jijini Kigali, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon tawi la Afrika hutoa shahada za uzamili katika teknolojia.

Wateja nao wapo, na si benki kubwa pekee. Kila kata, yaani umurenge, ina chama chake cha akiba na mikopo. Umurenge SACCO zilizoanzishwa zilikuwa 416. Kuna shule, zahanati, hoteli na mawakala wa mizigo wanaotunza majina na namba za vitambulisho vya watu. Sheria Namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inawataka wanaotunza taarifa binafsi wazilinde, na zikivuja, waiarifu Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao (NCSA) ndani ya saa 48. Wengi wao hawana mtaalamu. Kijana anaweza kuanza na kazi nyepesi: kubadili maneno ya siri ya kiwandani kwenye ruta na kamera za ulinzi, kusasisha programu, kuweka uthibitisho wa hatua mbili, na kuandaa nakala za akiba kisha kuzijaribu kama kweli zinarudi. Kazi hizo si za kujivunia barazani, lakini huzuia hasara nyingi, na mteja aliyeridhika humpeleka kijana kwa mteja wa pili.

Akiona udhaifu katika mfumo ambao hakuajiriwa kuuchunguza, asiingie ndani, asipakue chochote, wala asidai fedha ili anyamaze. Amwarifu mwenye mfumo au NCSA. Zipo taasisi zinazowaalika watu hadharani kuzichunguza kwa masharti: mwaka 2016 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilifanya hivyo kwa baadhi ya tovuti zake, ikapata udhaifu 138 wa kweli na kuwalipa walioubaini. Mwaliko wa namna hiyo ni hodi iliyokwisha kuitikiwa, mradi masharti yafuatwe.

Kwa wazazi, tunashauri msiizime kompyuta kwa hofu. Mwulizeni kijana maswali mawili: "Ni nani aliyekupa kazi hii?" na "Mkataba uko wapi?" Akiwa na majibu, mtieni moyo. Akisita, kaeni naye mapema, kabla mtu mwingine hajakaa naye. Anayemtaka atumie akaunti yenu, laini yenu ya simu au kitambulisho chenu kwa "kazi" isiyo na maandishi si mteja. Toeni taarifa kwa RIB kupitia namba 166, au kwa Polisi kupitia 112, bila malipo.

Kijana anayekuja kutuuliza kabla ya kuanza hatumwoni kuwa mshukiwa. Tungependa kumwona mara nyingi zaidi mlangoni kwetu akiwa na swali, kuliko mara moja akiwa na pingu.