Kuingia Usaili wa Kazi kwa Kujiamini

Ajira nyingi za serikali Tanzania hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichoundwa kwa marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002. Maombi hutumwa kwa mtandao kupitia Ajira Portal. Wanaokidhi vigezo huitwa kwenye usaili wa mchujo, na wanaovuka huendelea na usaili wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, kama madereva na waandishi waendesha ofisi. Mwisho ni mahojiano ya ana kwa ana mbele ya jopo. Anayeujua mpangilio huu mapema hupungukiwa na hofu, kwa kuwa kila hatua ina matakwa yake, na hakuna inayopimwa kwa tai au kiatu kilichong'arishwa.

Mchujo upo kwa sababu ya wingi wa watu. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakigombea nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalizidi 135,000, yaani zaidi ya watu 80 kwa kila nafasi. Katika msongamano wa namna hiyo, kuanguka si ushahidi kwamba mtu hafai, na kufaulu mchujo peke yake hakujamhakikishia mtu kazi. Maandalizi ya hatua hii ni mepesi kuyataja na magumu kuyatimiza: kurudia misingi ya fani, kujizoeza kujibu kwa kasi, na kulisoma upya tangazo la kazi. Orodha ya majukumu iliyomo kwenye tangazo ndiyo dokezo bora la maswali, lakini wengi huisoma siku ya kuomba tu na hawairudii tena.

Kabla ya maswali kuna vyeti, na hapa ndipo wengi hujikwaa bila sababu. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili hurudia masharti yaleyale kila mara: msailiwa aje na kitambulisho kinachotambulika, na vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita na kuendelea kulingana na sifa zake. Hati ya matokeo ya muda na karatasi ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita havipokelewi. Aliyesoma nje ya nchi anatakiwa vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika. Wa kada zenye bodi za kitaaluma, kama wauguzi na wahandisi, huja na vyeti vya usajili, pamoja na leseni hai pale inapohitajika. Chakula, usafiri na malazi ni juu ya msailiwa mwenyewe, na kwa anayetoka Kigoma kwenda kusailiwa Dodoma hilo si jambo dogo.

Kikwazo kinachosumbua zaidi ni majina. Mwanaidi wa kwenye cheti cha kuzaliwa huwa Mwanahidi kwenye cheti cha kidato cha nne. Jina la babu linaonekana chuoni lakini halimo kwenye kitambulisho cha taifa. Msimamizi anayekagua vyeti mlangoni hana mamlaka ya kuamua kwamba hao ni mtu mmoja. Kinachotakiwa ni hati ya majina iliyosajiliwa kisheria, na hati hiyo haipatikani usiku wa kuamkia usaili. Ukali huu una sababu zake: uhakiki uliotangazwa Aprili 2017 ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kwa hiyo anayetafuta kazi angeanza na bahasha ya vyeti, miezi kadhaa kabla ya tangazo lolote, ayalinganishe majina yake herufi kwa herufi. Kazi hiyo haina mvuto, lakini inajenga kujiamini kuliko hotuba kumi za kutia moyo.

Mbele ya jopo, swali la kwanza mara nyingi ni la kujitambulisha. Msailiwa hapaswi kusimulia alikozaliwa na wamezaliwa wangapi. Jopo linataka kusikia elimu yake, kazi au mafunzo kwa vitendo aliyofanya, na uhusiano wa hayo na nafasi anayoiomba. Dakika moja na nusu inatosha. Swali linalofuata huweza kuhusu taasisi yenyewe, na hapo uvivu hujionyesha wazi. Mhandisi anayeomba kazi TARURA akaeleza barabara kuu ziendazo mikoani atakuwa ameieleza kazi ya TANROADS. TARURA, iliyoanza mwaka 2017, inashughulikia barabara za mijini na vijijini zilizo chini ya wilaya. Kosa hilo linaepukika kwa nusu saa ya kusoma tovuti.

Maswali ya fani ndiyo kiini. Mhasibu akiulizwa atafanya nini salio la daftari la fedha lisipolingana na taarifa ya benki, jibu la "nitatoa taarifa kwa mkuu wangu" si baya, ila ni tupu. Jibu lenye uzito linafuata hatua: kukagua hundi zilizotolewa ambazo hazijawasilishwa benki, fedha zilizopelekwa ambazo benki haijaziingiza, makato ya benki ambayo daftari halijayapokea, na makosa ya kunakili tarakimu. Tofauti ikibaki baada ya hapo, ndipo taarifa inapotolewa kwa maandishi. Msailiwa anayejibu hivi hana haja ya kusema kwamba yeye ni makini.

Maswali ya mwenendo, kama namna ya kushughulika na mteja mwenye hasira au mfanyakazi mwenzake asiyewajibika, huhitaji tukio halisi. Msailiwa aeleze hali ilivyokuwa, wajibu wake, alichofanya na matokeo yake. Asiyewahi kuajiriwa ana matukio ya kutosha: mafunzo kwa vitendo, uongozi wa darasa, uweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, duka la familia. Pale asipolijua jibu, kukiri kwa ufupi kuna heshima kuliko kuzunguka mbuyu mbele ya watu wanaoijua fani.

Yapo maswali yasiyostahili kuulizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na ulemavu, na kinga hiyo inamfikia hata mwombaji wa kazi. Mwanamke anayeulizwa lini atazaa anaweza kulirudisha swali kwenye kazi kwa adabu, akaeleza jinsi atakavyotimiza majukumu yaliyotangazwa.

Suala la mshahara ni la sekta binafsi zaidi, maana serikalini ngazi za mshahara zimekwishapangwa. Mwombaji apige hesabu kabla ya kutaja kiasi: ukiacha kodi, mchango wa NSSF kwa kawaida huchukua 10% ya mshahara wake, na mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu hukatwa 15% ya mshahara wa msingi. Anayetaja kiasi bila kuuliza kama ni kabla au baada ya makato hushtuka mwisho wa mwezi wa kwanza.

Kwa aliye tayari kazini, kuhama kuna masharti yake. Mtumishi wa umma aliye katika nafasi ya kuingilia huelekezwa na matangazo asiiombe nafasi nyingine ya kuingilia; aliyejiendeleza akapata sifa za kada tofauti hupitisha barua yake kwa mwajiri. Katika sekta binafsi, mwenye kulipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa ndani ya mwezi wa kwanza, ambapo siku 7 zinatosha. Mkataba unaweza kudai zaidi, hivyo usomwe kwanza. Barua ya kuacha kazi iandikwe baada ya barua mpya ya ajira kutiwa saini. Ahadi ya simu haitoshi. Na kabla ya kukabidhi ofisi, mfanyakazi adai hati ya utumishi, ambayo sheria inamtaka mwajiri amtolee kila ajira inapokoma.