Nyuma ya ushindi wa Kikwete mwaka 2010

Vijana wetu waliokulia huku ughaibuni huuliza: Rais Jakaya Kikwete alishinda kwa asilimia 80 mwaka 2005, kisha akarudi Ikulu mwaka 2010 kwa asilimia 61. Kulikoni?

Tuanze na chama. CCM ina desturi ya kumwachia rais aliyeko madarakani amalizie vipindi vyake viwili vya miaka mitano. Julai 2010, mkutano mkuu wa Dodoma ulimpitisha Kikwete bila mpinzani, na kaulimbiu ya "Ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya" ikawa "Ari zaidi, nguvu zaidi, kasi zaidi".

Huko mitaani kulikuwa na mabalozi wa nyumba kumi, viongozi wa CCM wa ngazi ya chini kabisa. Balozi anajua nani ana kadi ya chama, nani kafiwa, nani kahamia juzi. Msimu wa kampeni ukifika, ndiye anayebisha hodi. Upinzani haukuwa na mtandao kama huo. Serikali nayo ilikuwa na cha kuonyesha: shule za kata nchi nzima, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilichofunguliwa 2007.

Lakini doa lilikuwapo. Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Dk. Willibrod Slaa, mbunge wa Karatu, akajijengea jina kwa kukemea ufisadi, na chama chake cha upinzani, Chadema, kikamsimamisha kugombea urais.

Oktoba 31 ikafika. Kura za Kikwete zilishuka kutoka milioni 9.1 hadi milioni 5.3. Za Chadema zilipanda kutoka chini ya laki saba hadi milioni 2.3. Piga hesabu: rais alipoteza kura milioni 3.8, Chadema ikaongeza milioni 1.6 tu. Wengi walibaki nyumbani. Waliopiga kura walikuwa asilimia 43 ya waliojiandikisha. Mwaka 2005 walikuwa 72.

Kisheria ushindi ulikuwa kamili, kwani urais wetu hauna duru ya pili, na Katiba hairuhusu matokeo yaliyotangazwa kupingwa mahakamani. Kisiasa, ujumbe ulisikika: Desemba 31, Kikwete mwenyewe alitangaza mchakato wa Katiba mpya.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, rais anapotetea kiti usiishie kwenye asilimia aliyopata. Uliza kwanza ni wangapi walikwenda kupiga kura.