Konokono wa baharini na kibangwa cha watemi

Wazazi wa Musoma, Bunda na Butiama wanaowapeleka watoto likizo kwa jamaa wa Tanga au Unguja, tunawausia jambo moja: wawakanye wasiokote kila gamba la ufukweni. Watoto wetu wamezoea konokono wa ziwani, ambaye hachomi mtu. Madhara yake ni vijidudu vya kichocho anavyoviachia majini. Baharini yumo konokono mwindaji, na hatari yake imo ndani ya gamba lenyewe.

Gamba hilo lina umbo la pia, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, nalo hupambwa kwa mabaka ya kupendeza. Mwenyewe hujificha mchangani au chini ya mawe mchana, akatoka usiku kuwinda. Kwa kuwa mwendo wake ni wa taratibu, Mwenyezi Mungu amemjaalia jino mfano wa chusa, lenye uwazi ndani, analolichoma windo na kulitia sumu. Wengi wa jamii yake hula minyoo au konokono wenzao. Wachache hula samaki, na hao ndio wa kuogopwa zaidi. Sumu yao huweza kupooza misuli ya kupumua, wala haina kiuasumu. Aliyechomwa hukimbizwa hospitali, asaidiwe kupumua hadi sumu imwishe mwilini.

Bara yetu inalijua gamba hili tangu zamani. Upande wake mpana ulikatwa ukawa kisahani, kikaitwa kibangwa, nacho kilivaliwa na watemi wa majirani zetu Wasukuma, na wa Wanyamwezi pia. Mwaka 1854, huko Balonda, mbali na bahari, mtawala Shinte alimtunuku David Livingstone gamba kama hilo. Livingstone aliandika kwamba mawili yalitosha kumnunua mtumwa. Ndivyo pambo lilivyolinganishwa na roho ya mwanadamu.

Hata hivyo, sumu hiyo imezaa tiba. Kutokana na konokono wa jamii hii, wataalamu walitengeneza zikonotaidi, dawa ya maumivu makali ya kudumu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004.

Basi mtoto aelezwe mapema: gamba la umbo la pia lisishikwe wala kutiwa mfukoni, hata likionekana tupu, kwani mwenyewe huenda yumo ndani.