Jiwe la rangi ya majani si la samaki

Ndugu mfanyakazi, kama unafuga nyumbani samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika katika sanduku la kioo, unajua wanapenda kujificha kati ya mawe. Basi, uchague mawe kwa akili.

Usichukue jiwe la mgodini. Lile la rangi ya majani, malakiti, ni madini ya shaba; jeusi linaweza kuwa na kobalti. Shaba kidogo tu ikiyeyuka katika maji huua samaki. Nawe mama, usiache watoto wachezee mawe hayo, maana vumbi lake ni baya kwa afya.

Jiwe la chokaa linafaa, kwani samaki hawa hawapendi maji yenye asidi. Ukilidondoshea siki, hutoa povu. Lakini malakiti nayo yaweza kutoa povu. Kwa hiyo tazama rangi kwanza.

Sugua mawe kwa brashi na maji, bila sabuni. Yapange kabla ya kutia mchanga, yakae imara chini kabisa. Wengi wa samaki hawa huchimba: jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka, kioo kitapasuka, mtoto atajikata.

Mgodini unakagua paa kabla ya kupita chini yake. Nyumbani pia, kagua kwanza.