Kwa nini kuziba tundu la kompyuta pekee hakutoshi

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

WATUMIAJI wengi wa kompyuta huamini kwamba programu ya kuzuia virusi ikishawekwa, mashine iko salama. Lakini wapo wahalifu wanaoingia kabla programu hiyo haijaanza kazi.

Kompyuta inapowashwa, programu ya msingi huita programu ya kuwashia, nayo huita kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu inayotawala kumbukumbu, diski na vifaa vyote. Anayeiteka mojawapo ya hatua hizo huwatangulia walinzi wote wanaofuata.

Ili kuzuia hilo, kompyuta nyingi za kisasa zina ulinzi uitwao Secure Boot. Programu ya kuwashia hukaguliwa sahihi yake ya kidijitali, na isiyotambuliwa hukataliwa.

Hata hivyo, Machi 2023 kampuni ya ESET ya Slovakia ilitangaza kuwa programu haribifu ya BlackLotus, iliyokuwa ikiuzwa kwa siri kwa dola 5,000 za Marekani, iliweza kuupita ulinzi huo hata katika Windows 11 yenye masahihisho yote ya wakati huo. Ikishaingia, iliweza kuzima kinga ya virusi.

La kushangaza ni kwamba dosari iliyotumika ilikwisha kurekebishwa na Microsoft tangu Januari 2022. Iliwezekanaje?

Tuseme katika barabara ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto pamewekwa kizuizi, na kila lori la mbao huonyesha kibali chenye sahihi ya ofisa. Kibali kikigundulika kuwa na kasoro, ofisi hutoa kipya. Lakini mlinzi asipopewa orodha ya vibali vilivyofutwa, mwenye kibali cha zamani atapita, kwa kuwa sahihi yake ni ya kweli.

Ndivyo ilivyofanya BlackLotus: ilibeba faili za zamani za Microsoft, zenye dosari lakini zenye sahihi halali.

Kuzifuta sahihi hizo nako kuna hatari yake, kwani mashine inayotegemea faili iliyofutwa huweza kukataa kuwaka. Kwa sababu hiyo, Microsoft ilipotoa hatua za kuzifuta Mei 2023, iliwaachia wenye mashine waamue wenyewe kuzitekeleza.

Somo hili linazihusu pia ofisi, shule na zahanati za milimani Usambara. Pale intaneti inaponunuliwa kwa vifurushi, masahihisho huahirishwa kwa urahisi, na kila yanapoahirishwa mlinzi hubaki na orodha ya zamani.

Inafaa basi kutozima Secure Boot, kupokea masahihisho ya mfumo endeshi na ya mtengenezaji wa mashine, na kuweka nakala za kumbukumbu muhimu kabla ya kufanya hivyo. Aidha, kazi za kila siku zisifanywe kwa akaunti ya msimamizi, kwani BlackLotus ilihitaji mamlaka hayo ili kujipandikiza.