Mstaafu, Land Rover na Mlingoti wa Mkonge

Novemba 5, 1985, Mwalimu Julius Nyerere alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi urais na kuligeukia shamba lake la Butiama. Mwaka huohuo kiwanda cha Solihull, Uingereza, kiliacha kutengeneza Land Rover Series III. Kwa watu wengi wa vijijini Tanzania, gari lile ndilo lililokuwa serikali: humo alishuka bwana shamba, muuguzi wa chanjo, mkaguzi wa shule, na siku nyingine polisi. Miaka 40 imepita, na mkoani Morogoro bado utalikuta moja likipandisha mbolea milimani, au limeegeshwa uani kwa mtu aliyelinunua kwenye mnada wa magari chakavu ya serikali na tangu hapo akakataa kuliuza.

Huyo aliyekataa kuliuza ndiye anayestahili kuzungumziwa.

Ngerengere ni mahali pazuri pa kumtafuta. Ni mji mdogo wa Morogoro Vijijini, mashariki ya Morogoro mjini. Kwa barabara unachepuka Ubena Zomozi ukitoka barabara kuu ya Dar es Salaam. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro mwaka 1907, na njia hiyo ilipita hapa. Mkonge ukapandwa kandokando yake. Miaka ya 1970 ikajengwa kambi ya jeshi la anga kwa msaada wa China. Reli, mkonge na ndege havina mengi ya kufanana isipokuwa hili: vyote haviendi bila karakana. Ndiyo maana eneo la namna hii huzaa watu wa aina fulani, watu wanaosikia injini ikipita barabarani na kujua silinda ipi haichomi.

Watu hao siku moja hustaafu. Mtumishi wa umma anaruhusiwa kuondoka kwa hiari akifika miaka 55 na analazimika kuondoka akifika 60. Mwanajeshi hutoka mapema zaidi kulingana na cheo. Sehemu ya mafao hulipwa kwa mkupuo na inayobaki huwa pensheni ya kila mwezi. Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 kiliweka mkupuo kuwa asilimia 33, kelele zikawa nyingi, na mwaka 2024 serikali ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakilipwa nusu kabla ya mabadiliko. Fedha zikishaingia, ushauri huwa uleule kila mahali: fuga kuku, jenga vyumba vya kupangisha, nunua bodaboda. Kwa mahitaji ya nyumba, ushauri huo hauna ubaya. Lakini hausemi lolote kuhusu saa nne asubuhi ya siku ya kawaida, mtu aliyezoea kushika spana kwa miaka 35 anapokuwa hana cha kushika.

Gari la zamani linajibu swali hilo. Linajibu vizuri zaidi kuliko gari jipya, kwa sababu linamruhusu mwenyewe aingie ndani. Gari la kisasa likizingua linataka kompyuta ya kusoma makosa. Peugeot 404, Datsun 120Y au Land Rover yenye injini ya petroli vinataka macho na masikio. Fungua plagi uitazame ncha yake: ikiwa nyeusi yenye masizi, kabureta inamwaga mafuta mengi mno, ikiwa nyeupe, injini inachoma kwa joto kali na mafuta hayatoshi, ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mambo ni sawa. Safisha pointi kwa msasa laini, rekebisha nafasi yake, zungusha distributa kidogo huku injini inanguruma mpaka mlio utulie. Hii ni kazi ya asubuhi nzima isiyohitaji nguvu za ujana.

Wako wanaodhani kwamba kuyapenda magari haya ni mambo ya Wazungu matajiri. Historia inasema vingine. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yalikusudiwa magari ya kawaida ambayo mtu angeweza kuyanunua dukani. Mwaka 1963 na mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, naye akiwa na 404 ileile. Joginder Singh wa Kenya alishinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu waliopanga mstari barabarani kuwasubiri walikuwa wakulima na watoto wa shule. Peugeot haikupata jina lake Afrika Mashariki kwa matangazo; ilipata kwa kuonekana ikitoka kwenye tope wakati nyingine zimekwama.

Na wala umri haukuwa kizuizi. Mashindano ya Safari kwa magari ya zamani yalipoanzishwa mwaka 2003, wakongwe walirudi. Mwaka 2011, kwenye njia za Kenya na Tanzania, aliyeshinda alikuwa Björn Waldegård wa Sweden akiwa na miaka 68, kwenye Porsche 911, na aliyemsomea njia alikuwa mwanawe.

Mstaafu wa Ngerengere hahitaji kushindana na mtu. Anahitaji kujua anaingia wapi. La kwanza ni chesisi. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, kwa sababu gari hilo lilipozinduliwa mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Kwa hiyo bodi haishiki kutu, nayo humdanganya mnunuzi. Chini yake chesisi ni ya chuma, ina uwazi ndani, na tope linaloingia humo hukaa miaka. Chukua nyundo ndogo ugonge kuanzia mbele hadi nyuma. Mlio mkavu ni salama. Ukisikia mlio mzito uliokufa, hapo pana kazi ya kuchomelea, na kuchomelea chesisi ndiko kunakokula fedha.

La pili ni mafuta. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, jambo jema kabisa kwa ubongo wa watoto. Lakini injini nyingi za zamani zilitegemea risasi ile kulinda mahali valvu inapokalia. Gari linaloendeshwa taratibu siku za soko litavumilia muda mrefu. La kupanda milima na mzigo litahitaji silinda hedi ipelekwe kwa fundi mkerezi, iwekewe ringi ngumu za valvu. Ni heri kazi hiyo ifanywe mara moja, injini ikiwa tayari imeshushwa.

La tatu ni habari njema. Zamani gari lililolala uani lilikuwa likizaa deni, kwa kuwa ada ya mwaka ya leseni ilihesabiwa hata kama halikutoka getini. Bajeti ya mwaka 2017 iliifuta ada hiyo na kuihamishia kwenye mafuta, kwa nyongeza ya shilingi 40 kwa lita. Siku hizi gari likisimama miezi sita likisubiri gasketi, halidaiwi leseni. Bima ni lazima liwe nayo linapoingia barabarani, na breki zake ziwe breki kweli.

Spea nazo hazijapotea kama watu wanavyodhani. Gerezani na Kariakoo wapo wauzaji ambao, ukiwapelekea kifaa kibovu mkononi, watakutafutia mwenzake. Kisichopatikana hukerezwa. Safari ya kwenda kukitafuta nayo imekuwa nyepesi: tangu Juni 2024 treni ya umeme ya reli mpya hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Ngerengere ni mojawapo ya stesheni zake. Mzee anaweza kwenda na pampu ya maji iliyokufa ndani ya kikapu na kurudi na nzima jioni ileile.

Fedha ya yote haya itoke wapi? Itoke kwenye pensheni ya mwezi, kidogo kidogo, na mkupuo usiguswe. Hili lisemwe wazi na likubaliwe na mama mwenye nyumba kabla gari halijaburutwa hadi uani, kwa kuwa ua ni wake pia, na kamba ya kuanikia nguo ilikuwapo kabla ya Land Rover. Nyumba nyingi zimevurugika kwa mradi ulioanza bila mazungumzo hayo.

Kuna jambo linalofanya haya yote kuwa ya haraka. Magari ya zamani yanaisha, na hayaishi kwa uzee. Wanunuzi wa chuma chakavu hupita mtaa kwa mtaa, hupima kwa kilo, na chuma hicho kinayeyushwa kuwa nondo. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yametunza Rolls-Royce aliyoitumia Mwalimu, na ni vyema. Lakini nani ametunza lori la kubebea mkonge? Nani ametunza pikapu za chai maharage, zile zilizofungwa mabenchi, abiria wakikaa wakitazamana? Yako wapi mabasi marefu ya UDA yaliyoitwa kumbakumba? Lori la Nyumbu, lililobuniwa na Watanzania kwenye kituo cha jeshi cha teknolojia ya magari pale Kibaha, watoto wangapi wa sekondari wamewahi kuliona? Mtu mmoja hawezi kuhifadhi lori zima. Anaweza kuhifadhi umbo lake.

Hapo ndipo vigari vya kuunda vinapoingia, na ndipo mstaafu asiye na nafasi wala fedha ya gari halisi anapopata mlango wake. Duniani huu ni ufundi wenye viwanda vikubwa. Airfix ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1939. Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikatengeneza vifaa vya mbao vya kuunda, na seti yake ya kwanza ya plastiki, manowari ya Yamato, ilitoka mwaka 1960. Ndani ya boksi mna vipande vingi vilivyoshikamana kwenye fremu, kitabu cha maelekezo na karatasi ya alama za kubandika. Hasegawa, pia ya Japani, imewahi kutoa seti ya Lancer ile aliyoshindia Joginder Singh mwaka 1974. Aliyetumikia jeshi la anga atapata seti za MiG-21 kutoka kampuni nyingi, naye asijaribu kukamilisha kumbukumbu kwa kupiga picha kambini, kwani kupiga picha maeneo ya kijeshi ni kosa.

Seti hizi ni nzuri, ila kuziagiza kuna gharama ya posta na ushuru, na hakuna seti itakayokuletea kabichi za Mgeta nyuma ya Land Rover. Hicho lazima mtu akiunde mwenyewe, na malighafi imejaa Ngerengere. Mkonge ukifikia mwisho wa maisha yake huchipua mlingoti mrefu wa maua, kisha mmea hufa na mlingoti hukauka ukiwa umesimama. Ndani yake ni mwepesi na laini, unakatika kwa kisu kikali bila kupasuka ovyo. Kwa mchongaji wa vigari hiyo ni hazina. Kata kipande, kiache kivulini mpaka kikauke hasa, chonga umbo la bodi, kisha pitisha msasa mkavu. Kwa kuwa mbao hii ina vitundu vingi, ipake gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, iache ikauke, upitishe msasa tena. Usipofanya hivyo rangi itanyonywa na bodi itaonekana kama mkate. Magurudumu hutoka kwenye kandambili iliyochakaa, ekseli kwenye waya wa mwavuli, taa kwenye shanga, vioo kwenye chupa ya maji ya plastiki.

Watoto wa Tanzania wamekuwa wakiunda magari ya waya, mabua na makopo tangu zamani, na wengi wa mafundi wetu walianzia hapo. Tofauti ya mstaafu ni kipimo. Yeye anaunda gari fulani, lile alilolijua, na anataka mtu akilitazama alitambue. Kipimo rahisi ni moja kwa ishirini na nne: kila sentimita 24 za gari halisi ni sentimita 1 ya kigari. Land Rover ndefu huitwa 109 kwa sababu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna inchi 109, karibu sentimita 277. Gawanya kwa 24 upate 11.5. Urefu wake wote ni kama sentimita 444, basi kigari kitakuwa na 18.5, kinaenea juu ya redio. Kinachotakiwa ni futi ya fundi cherehani, penseli, daftari, na ruhusa ya mwenye gari. Pima upana wa mlango, kimo cha kioo, nafasi kati ya taa. Piga picha ubavu, mbele na nyuma. Andika namba ya gari, na kama lilikuwa la serikali au la shirika la umma, namba yake ya zamani ya ST au SU. Andika lilikofanya kazi na nani aliliendesha.

Kazi hiyo ya kupima ifanyike kabla mnunuzi wa chuma hajafika na mzani, na mjukuu aitwe ashike upande wa pili wa futi. Rangi inaweza kusubiri. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, unyevu hufanya rangi ya kupuliza ipate ukungu mweupe, iwe ni kwenye bodi ya gari halisi au ya kigari. Juni mpaka Septemba hewa ya Ngerengere huwa kavu, na asubuhi kabla ya upepo kuinua vumbi ndio muda wa kupuliza.